Kivuli Chenye Taji: Safari Yetu ya Mlima Kilimanjaro

Mwezi huu twataka kuwasimulia safari yetu ya mlimani Kilimanjaro. Mlima wenyewe si mgeni kwenu, wala hatukufika kileleni hata tujisifu. Twaandika kwa ajili ya jambo tuliloliona kule juu ukunguni, na kwa ajili ya maneno yaliyosemwa baadaye nyumbani kwa mama mmoja. Mama yule na mwanawe wameturuhusu kuyaeleza, ila majina yao hatuyataji.

Tulikuwa watu sita, mbali na wapagazi: walimu wawili, vijana watatu waliokwisha kumaliza masomo yao, na kiongozi wetu, mzee wa Kichaga aliyeujua mlima ule tangu ujana wake. Mmoja wa vijana wale alikuwa na huzuni nyingi. Kaka yake alikufa maji mtoni wakati wa masika, na tangu siku ya mazishi kijana alikuwa hali vema wala halali vema. Mama yake ndiye aliyetuomba tumchukue, akisema, “Nendeni naye, walimu, labda hewa ya mlimani itamrudishia moyo wake.”

Tuliondoka Marangu asubuhi, tukapita katikati ya migomba na kahawa, na maji ya mifereji yakitiririka kando ya njia. Kisha tukaingia msituni. Huko miti ni mirefu, na matawi yake yamening'iniwa na mimea ya kijivu kama ndevu za wazee. Tukawaona mbega wakiruka na mikia yao mieupe. Jioni tukafika Mandara, penye vibanda vya wasafiri, urefu wa mita 2,700 hivi juu ya bahari. Siku ya pili tukauacha msitu nyuma yetu, tukapita mbugani penye upepo, hata tukafika Horombo, mita 3,700 na kidogo. Hapo huota lobelia na senesio, mimea mikubwa ya ajabu ambayo aliye bondeni hawezi kuidhania. Nasi tulipogeuka kutazama tulikotoka, hatukuiona nchi tena. Mawingu yalikuwa chini yetu, yametandazwa kama bahari nyeupe.

Usiku ule, tukiota moto, tulizungumza habari za Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai. Tarehe 11 Mei 1848, alipokuwa akisafiri kuja Uchagani, aliona kwa mbali kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, yule hakuwa na jina la kukipa ila neno moja tu: baridi. Basi Rebmann akafahamu kwamba ni theluji. Lakini habari zake zilipofika Ulaya, wako wenye elimu waliozikataa, na mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, alishikilia kwamba jambo hilo haliwezekani, theluji karibu na ikweta! Cooley hakuwahi kufika huku. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima huu kupita mita 4,000, nao wakathibitisha ya kuwa Rebmann alisema kweli.

Kiongozi wetu alisikiliza, kisha akasema, “Mwenye kuona hachekwi. Huulizwa.” Hatukujua kwamba kesho yake tutalihitaji neno hilo.

Wapandao kwa njia hii hukaa siku moja zaidi Horombo, ili mwili uizoee hewa nyepesi. Siku hiyo tukapanda polepole mpaka kwenye mawe yenye mistari myeusi na myeupe, yaitwayo Mawe ya Pundamilia, tukapumzika huko, kisha tukaanza kurudi. Ilikuwa yapata saa kumi na moja alasiri. Jua lilikuwa limeinama nyuma yetu upande wa magharibi, na mbele yetu palikuwa na genge, chini yake bonde. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, mweupe na mzito kama moshi wa kuni mbichi.

Mara kijana yule, aliyekuwa ametangulia hatua chache, akasimama. Tukamsikia akiita, “Kaka!”

Tukatazama. Ndani ya ukungu palikuwa na mtu amesimama. Alikuwa mrefu kupita kimo cha binadamu, rangi yake ya kijivu, miguu yake ikitanuka kutujia. Na kukizunguka kichwa chake palikuwa na duara la nuru lenye rangi, ndani jeupe, kando yake jekundu, mfano wa upinde wa mvua mdogo uliokunjwa ukawa taji. Kijana akanyosha mikono yake miwili. Yule wa ukunguni naye akanyosha mikono. Kijana akapiga hatua kuliendea genge, akapiga na ya pili. Kiongozi wetu hakupiga kelele. Alikwenda upesi, akamshika nguo kwa nyuma, akamketisha chini.

Hapo tukaanza kubishana sisi kwa sisi, nasi twaona haya kuyaandika. Kijana wa kwanza alisema, “Mwalimu, ile taji iko juu ya kivuli changu.” Wa pili akasema, “Hapana, nakiona kivuli chako pale kando, hakina kitu. Taji iko juu yangu mimi.” Mwalimu mwenzetu akasema vivyo hivyo juu yake mwenyewe. Nasi, twakiri, tuliiona taji juu ya kichwa chetu wenyewe, na kwa muda wa kitambo kifupi moyo wetu ulifurahi kuiona hapo. Wapagazi wawili waliokuwa pamoja nasi walisema kwamba ni marehemu amekuja kumchukua ndugu yake.

Kiongozi akamwinamia kijana, akamwambia, “Mwanangu, inua mkono wa kulia peke yake.” Akainua. Kile kivuli kikainua mkono wa upande ule ule. “Ushushe.” Kikaushusha. “Inama.” Kikainama. “Sasa vua kofia, uipunge.” Kikapunga kofia. Kisha mzee akasema kwa sauti ya chini, “Nimemwona huyu mara nyingi, mwanangu. Kila apandaye hapa jua likiwa nyuma na ukungu mbele, hujikuta mwenyewe.”

Ukungu ukapasuka kwa upepo, na yule mtu akatoweka pamoja na taji yake. Kijana akalia sana.

Yafaa sasa tuwaeleze wasomaji wetu asili ya jambo hili. Wazungu hukiita kivuli hicho kwa jina la mlima Brocken wa Ujerumani, wenye urefu wa mita 1,141 tu, ambako Johann Silberschlag alikiona na kukiandika mwaka 1780. Huonekana milimani popote penye jua la chini upande mmoja na ukungu upande wa pili. Ukubwa wake ni udanganyifu wa macho. Kivuli hakiangukii ukutani, bali hupenya ndani ya ukungu wenye kina. Jicho, likikosa kitu cha kulinganisha, hudhani kivuli kiko mbali, na kwa hiyo hukidhania kikubwa mno.

Taji nayo ina sababu yake. Ukungu ni matone ya maji, madogo hata ukiyapanga 50 kwa mstari huenda yasijaze milimeta moja. Nuru ya jua ipigapo matone hayo, sehemu yake hugeuzwa na kurudi karibu kwa njia ile ile iliyojia, na katika kurudi huko rangi zake hutengana. Basi ili kuiona nuru hiyo inayorudi, yakupasa kusimama kati ya jua na ukungu, katika mstari mmoja navyo. Mstari wako hupita katika jicho lako, na jicho la jirani lina mstari wake. Ndiyo maana kila mtu huona taji juu ya kivuli cha kichwa chake mwenyewe, wala haioni juu ya kichwa cha mwenzake. Hakuna aliyesema uongo kati yetu pale gengeni. Kila mmoja alisema aliyoyaona. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwenzake ameona vibaya.

Siku hizi wasafiri wa ndege huona jambo lilo hilo wakitazama dirishani: kivuli cha ndege juu ya mawingu, nacho kimezungukwa na duara la rangi.

Wako waliotazama taji hii wakapata faida kubwa kuliko hofu. Mwezi wa Septemba 1894 kijana mmoja Mskoti, C. T. R. Wilson, alikaa majuma mawili juu ya mlima Ben Nevis, akaona duara za rangi kulizunguka jua na kukizunguka kivuli chake mawinguni. Akatamani kuzifanya mwenyewe chumbani. Akatengeneza chombo cha kuzaa mawingu ndani ya kioo, na chombo kile baadaye kikawawezesha wenye elimu kuziona njia za chembe ndogo kabisa za maumbile. Mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel. Yote hayo yalianza na mtu aliyeona ajabu, akauliza.

Basi turudi Horombo. Usiku ule kijana hakutaka kula. Tukamweleza habari za Edward Whymper, Mwingereza aliyeupanda mlima Matterhorn tarehe 14 Julai 1865. Walipanda watu saba, nao ndio waliokuwa wa kwanza kukifikia kilele chake. Lakini wakati wa kushuka kamba ilikatika, na wanne wakaanguka wakafa, mmoja wao akiwa mchungaji wa kanisa, Charles Hudson. Jioni ile watatu waliosalia, Whymper na viongozi wawili, baba na mwanawe, waliona angani upinde mkubwa, na ndani yake mfano wa misalaba miwili. Wale viongozi walidhani kwamba ni jambo la wenzao waliokufa. Whymper naye moyo wake ulikuwa mzito, lakini alijaribu: wakasogea, ili aone kama picha ile yasogea pamoja nao. Haikusogea. Kwa hiyo akajua kwamba haikuwa kivuli chao. Wenye elimu wamejaribu kuieleza kwa nuru katika ukungu na katika chembe za barafu.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza, “Mwalimu, kwa nini hamkuniacha naye?”

Wapendwa, hatukuwa na jibu la upesi. Tulikuwa tumefurahi kwamba tumemwondolea hofu, kumbe hakuwa na hofu. Alikuwa na furaha, nasi tumemwondolea furaha. Twawaandikia hili walimu hasa, kwa kuwa sisi tu wepesi kusema, “Hili ni ukungu tu,” tukadhani kazi imekwisha. Wanafunzi wa Bwana walipomwona usiku akitembea juu ya ziwa, walipiga kelele wakidhani ni mzuka. Naye hakuwacheka. Aliwakaribia kwanza.

Basi tukaketi naye pasipo maneno mengi. Usiku ulipokwisha kuwa mwingi akaanza kutusimulia habari za kaka yake, jinsi alivyomfundisha kuogelea katika mto ule ule, na jinsi alivyokuwa akimwita. Akasema mpaka karibu na alfajiri. Tangu mazishi hakuwa amesema hata moja katika hayo.

Asubuhi mwalimu mwenzetu akaendelea mbele na vijana wawili pamoja na kiongozi kuelekea Kibo. Sisi tukashuka na kijana. Mpagazi mmoja alikuwa ametangulia kushuka, na habari ilishuka pamoja naye. Tulipofika kijijini siku ya pili jioni, watu walitutazama kwa namna nyingine. Mwanamke mmoja alitushika mkono njiani akatunong'oneza, “Ni kweli ametokea?”

Mama wa kijana alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefagia ua, amepika, na juu ya meza palikuwa na sahani moja zaidi ya hesabu yetu. Hakutuuliza habari za safari. Alimtazama mwanawe, akasema, “Wameniambia umemwona. Alisema nini?”

Sisi tulikuwa tumetayarisha maneno njia nzima, habari za matone na nuru na mstari wa jicho. Yote yakatutoka. Lakini kijana akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema, “Mama, nilidhani ni yeye. Nilimwita. Nikainua mkono naye akainua. Alikuwa ni mimi, mama.”

Mama akanyamaza kimya muda mrefu, hata tukaogopa. Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, pale pale tulipoona sote taji isiyokuwako, akasema, “Basi ni wewe. Wewe ndiye niliyebakiziwa. Inuka ule, mwanangu.” Akaichukua ile sahani ya ziada, akairudisha kabatini. Kijana akala.

Kaka yake tunamtumaini kwa Bwana, kwa ahadi tuliyoisikia sote kaburini. Ahadi hiyo haikupungua ukungu ulipopasuka, kwa sababu haikuandikwa humo.

Tukawaza kwamba nyumbani mwetu nako hutokea ishara za angani ambazo watu huzifasiri upesi. Mara kwa mara duara kubwa hulizunguka jua mchana au mwezi usiku, na wako wasemao kwamba mtu mkubwa atakufa, au njaa yaja. Duara hilo lafanywa na chembe za barafu zenye pande sita, zilizo katika mawingu membamba ya juu sana. Kipimo chake hakibadiliki. Funika jua kwa kidole gumba, mkono umenyoshwa na kiganja kimetanuliwa, na duara litakuwa karibu na ncha ya kidole cha mwisho. Ila waonyeni watoto wasilikazie jua macho, maana lapofusha.

Twawashauri wenye nyumba, mtu akija na habari ya ajabu aliyoiona angani, wamwulize maswali matatu kwa upole. La kwanza: Jua au mwezi ulikuwa upande gani, mbele yako au nyuma yako? Duara la barafu hulizunguka jua lililo mbele yako. Upinde wa mvua na taji ya ukungu huonekana jua likiwa nyuma. La pili: Uliposogea, nacho kilisogea? La tatu: Mwenzako aliyesimama kando yako aliona nini? Hilo la tatu ndilo lililotushinda sisi gengeni. Tulibishana badala ya kuulizana.

Wala si lazima kupanda Kilimanjaro ili kulijaribu jambo hili. Asubuhi yenye umande, jua likiwa limetoka sasa hivi, wapelekeni watoto kwenye majani mafupi, wasimame jua likiwa mgongoni. Kila mmoja atazame kivuli cha kichwa chake juu ya majani. Ataona mwanga mweupe ukikizunguka. Huo si taji ya rangi kama ya ukunguni, bali ni nuru inayorudishwa na matone ya umande, nao vilevile huonekana kwa kila mtu juu ya kichwa chake tu. Benvenuto Cellini, mfua dhahabu mashuhuri wa Firenze, aliyefariki mwaka 1571, aliuona mwanga huo juu ya kivuli chake, akaandika katika habari za maisha yake kwamba Mungu amempa yeye ishara hiyo. Wenye kuokota kuni na wenye kuchunga mbuzi walikuwa nao pia kila asubuhi yenye umande, wala hakuna aliyewaambia.

Kwanza waacheni watoto wabishane kidogo nani mwenye mwanga. Kisha mwambieni kila mmoja amwulize mwenzake anaona nini, nanyi mnyamaze mpaka wagundue wenyewe. Kijana wetu amelifanya somo hilo kwa watoto wa shule ya Jumapili kijijini kwao, na mama yake alikuja akasimama majanini pamoja nao. Walimu watakaolijaribu watuandikie yaliyotokea, nasi tutafurahi kuyasoma.

Bwana azilinde nyumba zenu.